Farasi wa mjukuu anabinuka na harudi

SWALI: Fundi, nimemtengenezea mjukuu wangu wa miaka mitatu farasi wa mbao wa kubembea. Matao ya chini niliyachora kwa kamba ya sentimita 60 niliyoifunga kwenye msumari na kuizungusha kama bikari, nikayakata kwenye ubao wa paini. Mtoto akijivuta nyuma, farasi anainua kichwa na kubaki hivyo hivyo. Juzi ncha ya tao moja imemeguka. Nipigilie bati? Na nimpake oili chafu kwa ajili ya mchwa? – Babu, Morogoro

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Bati achana nalo, litachana miguu ya watu. Hayo mawili yote yametokana na ile kamba fupi.

Mkalishe mtoto juu ya farasi, upime kutoka sakafuni hadi kitovuni mwake, maana karibu na hapo ndipo uzito wake ulipokusanyika. Ukikuta sentimita 60 na ushei, jibu umelipata. Farasi hujirudi mwenyewe iwapo tu uzito uko chini ya usawa wa pale ulipopigilia msumari wa kamba. Uzito ukifika usawa huo, hakuna kinachomvuta arudi. Chora upya kwa kamba ya sentimita 120, na kiti ukishushe hadi 35 hivi. Chini ya ncha za nyuma gongomea vipande vidogo vya mbao vya kumzuia.

Kuhusu kumeguka, angalia pale palipoachia: pamefuata nyuzi. Nyuzi za ubao zimenyooka, tao linapinda. Likipinda sana, nchani nyuzi zinakatwa mshazari na kubaki fupi. Paini haivumilii hilo. Tao la kamba ndefu hupinda kidogo, kwa hiyo hata hapo utakuwa umepona. Mtiki wa Mtibwa hauko mbali nawe, unafaa. Mimi hutumia plaiwudi ya milimita 18, vipande viwili vilivyogundishwa, maana nyuzi zake zimepishana. Wenzangu hunicheka, wanasema hiyo ni ya makabati. Wacha wacheke. Matao yote mawili yabane pamoja kwenye jiliwa, uyapige msasa kwa mkupuo mmoja. Yakitofautiana, farasi ataenda upande.

Oili chafu hapana, mzee! Ina mabaki ya vyuma vya injini, na huyo mjukuu atayalamba masikio ya farasi, nakuhakikishia. Farasi akikaa ndani, juu ya sakafu ya saruji, mchwa si wa kukukosesha usingizi. Mpake vanishi ya maji. Macho na hatamu ukitaka kuvitia rangi, nunua kopo lililoandikwa kuwa halina madini ya risasi.