Uraia wa Nigeria: maswali yenu, na lile la kuzaliwa Lagos limerudi tena

Meseji za Nigeria zimekuwa nyingi, hasa za mashemeji na mawifi wa huko, kwa hiyo leo tunapiga Nigeria tu, Ghana wasubiri.

Dada, mtoto wetu kazaliwa Lagos, mimi na mume wangu wote Wakenya. Si ni Mnaigeria?

Hapana. Jamani hili swali mtaniua nalo. Nigeria sio Marekani, katiba yao ya 1999 kifungu cha 25 inaangalia damu, yaani mzazi au babu au bibi awe raia, na cheti cha kuzaliwa cha Lagos kinasema tu mtoto kazaliwa wapi, basi. Msinitumie tena.

Mimi ni Mkenya nimeolewa na Myoruba. Nikichukua uraia wao, wa Kenya unakufa?

Kwa upande wa Nigeria haufi, kama Kenya ni uraia wako wa kuzaliwa. Wengi wanasikia "Nigeria inaruhusu uraia pacha" wanaishia hapo. Mnaigeria wa kuzaliwa anaruhusiwa kuwa na pasipoti nyingine hata tatu, ila wewe unayejiandikisha kupitia ndoa unabaki na ule uliozaliwa nao tu, kifungu cha 28 hicho. Kwa hiyo kama ni Mkenya ambaye baadaye alichukua Uingereza, ule wa Uingereza anatakiwa aukane ndani ya miezi mitano, wa Kenya anabaki nao. Alafu sheria ya Kenya ya 2011 inakutaka uwaripoti kwamba una uraia wa pili ndani ya miezi mitatu, na usiporipoti ni kosa, sio ushauri wa shangazi. Watanzania msifuate jibu hili kichwa kichwa, kwetu uraia pacha kwa mtu mzima bado hakuna, nenda Uhamiaji uulize kabla hujaapa kokote.

Mke wangu ni Mwigbo, tunaishi Enugu, mimi Mtanzania. Naanzia wapi kujiandikisha?

Huanzii popote kaka yangu. Kujiandikisha kwa ndoa, kifungu cha 26, ni kwa mwanamke aliyeolewa na Mnaigeria. Mwanaume uliyeoa huko unapitia njia ya mgeni yeyote: ukae miaka 15, uwe na tabia njema, na gavana wa jimbo aridhike kwamba jamii unayoishi nayo imekukubali. Kwa hiyo binti wa Enugu akiolewa na mgeni, mumewe anabaki mgeni, ila kaka yake akioa Mkenya, wifi anaandikishwa. Machi 2022 mabunge yao yalipewa muswada wa kurekebisha hilo yakaukataa, wanawake wakaenda kuandamana pale bungeni Abuja. Na msicheke, sheria yetu ya Tanzania nayo inampendelea mke wa raia kuliko mume wa raia. Kenya walirekebisha kwenye katiba ya 2010, miaka saba ya ndoa, mke au mume sawa. Watoto wako lakini usiwe na wasiwasi, mama yao akiwa raia nao ni raia wa kuzaliwa hata wakizaliwa Tabora.

Mume alifariki kabla sijajiandikisha, ndugu zake wanasema nimechelewa.

Hujachelewa. Katiba inamtaja pia aliyewahi kuolewa. Tafuta cheti cha ndoa kabla hao ndugu hawajakificha, na kama mlifunga ya kimila tu mkapiga picha na kula wali wa jollof bila kuandikisha popote, anza kukusanya ushahidi leo.

Nimeshakuwa raia, ila fomu za kazi zinaniuliza jimbo la asili na halmashauri. Niandike nini?

Karibu Nigeria yenyewe sasa! Uraia ni kitu kimoja, u-indijini, yaani kuwa mwenyeji wa asili wa jimbo, ni kingine. Nafasi za serikali kuu zinagawanywa kwa majimbo, na katiba inasema wa jimbo ni yule ambaye mzazi au babu au bibi yake ni wa jamii asilia ya hapo, alafu halmashauri ndo inatoa cheti. Mwigbo aliyezaliwa Kano kule kaskazini, baba yake naye kazaliwa Kano, bado ataulizwa kijiji chake ni kipi kule mashariki. Sasa wewe wa Machakos? Wengi wanajaza jimbo la mume, ofisi nyingine zinapokea nyingine zinakurudisha, na mbaya zaidi ndoa ikivunjika ndo utajua kumbe lile jimbo uliazimwa.

Kuna mtu anaweza kunitolea pasipoti ya Nigeria kwa wiki mbili. Ni salama?

Si salama. Kitabu cha kijani bila uraia nyuma yake ni kesi unayotembea nayo mfukoni, na huyo jamaa siku ya kesi simu haipokelewi.

Nikishaapa naweza kugombea urais?

Urais na ugavana ni wa raia wa kuzaliwa tu. Anza na mwenyekiti wa akina mama wa mtaa.