Kabla ya kununua poda ya pH, fungua dirisha

Juzi kaka mmoja wa Mafinga ameniandikia. Tangi lake la maji ya bahari lina miezi saba, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambacho namba yake ikishuka asidi imezidi, imeganda kwenye 7.7 kila asubuhi, na muuzaji wake amemshauri anunue kopo la tatu la poda ya kuipandisha. Anauliza poda ipi ni nzuri. Kaka yangu, nilipomaliza kusoma nilibaki nimeshika simu tu, maana mimi mwenyewe nilipita hapo hapo Juni ya mwaka juzi, na nililipia kwa uhai wa viumbe niliowapenda.

Naishi Mbeya mjini. Kutoka hapa hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Wenzangu wengi wanaofuga samaki wa mapambo huchukua wale wa Ziwa Nyasa, Matema si mbali na maji yake hayana chumvi. Mimi nilitaka matumbawe. Nilijibana miezi mingi nikapata tangi la lita 200, pampu, hita, na chumvi ya kuchanganya gramu 35 hivi kwa kila lita. Habari za kuliandaa siwachoshi nazo, kila mmoja wetu amezipitia. Mpaka Mei lilikuwa zuri, wageni walikuwa wakiingia sebuleni wanasahau hata kusalimia.

Kisha ikaja baridi yetu, mnaijua. Usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na maji yale yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 25 au 26. Hita ikawa inawaka muda wote na umeme unaliwa. Nikaamua kulifunika tangi kwa kioo, pembeni nikaziba kwa nailoni. Madirisha yote nikafunga. Jioni mimi mwenyewe, si mtu mwingine, nikawa naingiza jiko la mkaa sebuleni ili watoto waote moto. Tulikuwa watu saba mle ndani.

Asubuhi pH ikasoma 7.6. Bahari yenyewe ni kama 8.1. Nilishtuka, nikampigia muuzaji. Akaniuzia poda. Namba ikapanda jioni, kesho yake imerudi kule kule. Akaniuzia nyingine. Kiwango cha alkali, yaani uwezo wa maji kuizuia asidi, ambacho kilikuwa 8 kwa kipimo cha dKH, kikafika 14 bila mimi kujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia nikipime. Siku ya kumi nilikasirika nikamimina dozi nzima kwa mpigo. Maji yakageuka meupe kama tui, chokaa ikaganda kwenye hita, na kufikia saa nne usiku samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe walikuwa wamelala ubavu. Binti yangu alikuwa amewapa majina. Yule muuzaji aliponiambia nimekosea dozi, sikumjibu, na mpaka leo sijampigia tena.

Wiki iliyofuata tulipata msiba Rungwe, nyumba ikakaa siku nne bila mtu na bila moto. Nikarudi nimekata tamaa, nikapima kwa mazoea tu: 8.1. Sikuwa nimeweka hata kijiko cha kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Watu wanapopumua na mkaa unapoungua, hewa ukaa inajaa ndani. Inayeyuka kwenye maji, inakuwa asidi, pH inashuka. Poda inaongeza alkali, lakini hewa ya chumba ikibaki ile ile, maji yanarudi yalipokuwa. Na mimi juu ya yote nilikuwa nimeyaziba yasipumue, huku nyanda za juu, mahali ambapo hata oksijeni inayoyeyuka majini ni pungufu kuliko pwani.

Kwa hiyo kaka, usinunue kitu. Chota vikombe viwili vya maji ya tangi. Kimoja kipulizie hewa kwa pampu ndogo ndani ya nyumba kwa saa moja, kingine kifanyie hivyo hivyo nje uani. Pima vyote. Changu cha ndani kilibaki 7.8, cha nje kikafika 8.2. Cha nje kikipanda namna hiyo, ugonjwa ni hewa ya nyumba. Visipopanda vyote viwili, pima alkali. Ikiwa chini ya dKH 7, hapo ongeza, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Na kabla ya yote hakikisha kipimo chako cha kielektroniki kimesawazishwa kwa vile vimiminika vya pH 7 na pH 10, la sivyo unahangaika na namba ya uongo.

Mimi niliondoa kioo, nikaelekeza pampu iutikise uso wa maji, na mpira wa hewa wa skima, ile mashine inayotoa uchafu wa maji kwa povu, nikautoa nje kupitia tundu la dirisha. Baadaye nikaweka mwani, ambao ukipata mwanga hufyonza hewa ukaa, kwenye tangi dogo la pembeni, taa yake inawaka usiku, wakati ambao pH hushuka yenyewe. Tofauti ya 0.2 au 0.3 kati ya alfajiri na jioni isikutishe.

Na jiko litoke nje. Hili nalisema kwa kila baba wa Mbeya, Njombe na Makete anayesoma hapa, mwenye tangi na asiye nalo. Mkaa unatoa pia kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua watu usingizini. Wanangu walikuwa wakiamka vichwa vinauma, mimi nikasema ni baridi. Nilikuwa napima hewa ya samaki mara tatu kwa siku. Ya watoto sikuwahi kuifikiria. Wavisheni masweta, waongezeeni blanketi.

Kaka, nitumie namba za vikombe vyako kabla hujamrudia yule muuzaji. Leo saa kumi na mbili asubuhi langu limesoma 8.0.