Ujerumani Hakuna Ada, Lakini Andaa Milioni 30

Mwaka 2023, barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu cha umma nchini Ujerumani ilipofika nyumbani Tanga, kila aliyesikia kwamba vyuo vingi vya umma vya huko havitozi ada alitupongeza kana kwamba safari imekwisha. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Ubalozi hautoi viza mpaka uthibitishe kwamba una fedha za kujikimu mwaka mzima, na sisi tusio na ufadhili kwa kawaida huthibitisha kwa kuweka fedha katika akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto. Kiwango cha wakati wangu kilikuwa euro 11,208, karibu shilingi milioni 30. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904.

Fedha hizo hulipi mtu. Ni zako, ila hutolewa kwa mafungu ya kila mwezi: mimi nilipata euro 934, na sasa ni 992. Hapo ndipo nilipojikwaa. Mama alikopa sehemu ya fedha hizo katika kikoba kwa masharti ya kurejesha ndani ya miezi 6, nami nikamhakikishia kwamba nikifika tu nitazitoa zote nimrudishie. Hazikutoka, na rejesho la kikoba halikusubiri, hivyo kila mwezi nilikata kwenye chakula changu, baada ya kodi ya chumba na bima ya afya ya takriban euro 120. Mjomba, ambaye tangu mwanzo nilimwandikia jinsi fedha zitakavyotoka, nilimlipa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na nusu bila ugomvi wowote. Kama ni lazima ukope, basi kopa kwa mtu wa namna hiyo.

Kando ya akaunti hiyo, beba fedha za kufikia. Mwenye nyumba anaruhusiwa kisheria kudai dhamana inayofikia kodi ya miezi 3, na huidai kabla fungu lako la kwanza halijatoka. Mimi nililala wiki 3 sakafuni kwa Mtanzania mwenzangu, Mungu ambariki. Omba chumba katika hosteli za Studierendenwerk, yaani shirika la huduma kwa wanafunzi, siku ile ile unapopata barua ya chuo, kwa maana foleni yake ni ndefu.

Chagua jimbo pia. Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, jambo ambalo wakala aliyenichukulia shilingi 800,000 hakulitaja, ilhali vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, taasisi inayokagua maombi ya wanafunzi wa kigeni, kwa euro 75 la kwanza na 30 kwa kila linalofuata, na unaweza kuyatuma mwenyewe.

Kazi za vibarua zipo, na tangu Machi 2024 mwanafunzi anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, lakini usiziingize katika hesabu ya miezi ya mwanzo: Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji tu, na kazi ya kwanza, kuosha vyombo, niliipata mwezi wa tano.