Bodi ya Maziwa sio watu wa leseni tu: kwa mnaoanza kazi ya maziwa hapa Tanga

Wadogo zangu mnaoingia kwenye maziwa hapa Tanga, iwe kituo cha kukusanyia, kamradi ka mtindi au ajira kwenye ushirika, naandika hii sababu kila mwaka naona watu wapya wakisikia Bodi ya Maziwa wanawaza leseni na faini basi, wanajificha mpaka wakaguzi wapite. Mi nimekaa upande wa vituo miaka kumi na kitu na mwanzoni nilikua nawaza hivohivo, na ilitugharimu.

Bodi imeundwa na Sheria ya Tasnia ya Maziwa Namba 8 ya mwaka 2004. Inasajili wadau, inasimamia na kuendeleza tasnia, alafu kuna kazi moja wengi hawaioni: inaishauri serikali. Bodi haitungi sheria, sheria inapitishwa na Bunge na kanuni anasaini waziri zinatoka kwenye Gazeti la Serikali, ila kabla hajasaini kuna watu wanamueleza huku chini hali ikoje, na bodi ndo imewekwa kwa hiyo kazi. Sasa bodi nayo inajua kile ilichoambiwa. Sisi tukinyamaza wenye viwanda na waagizaji wa maziwa ya unga hawanyamazi, wana watu wameajiriwa kuandika hoja zao na kuzipeleka bodi.

Chukueni mfano wa maziwa ya jioni. Ng'ombe anakamuliwa mara mbili lakini gari linapita asubuhi tu, ya jioni pasipo na tanki la kupozea yanauzwa mtaani, au yanalala alafu yanachanganywa na ya asubuhi, na hapo ndo balaa linaanza. Ukitaka kuelewa simama kituoni asubuhi kipindi cha masika umuangalie mpokeaji, anachota maziwa kidogo kwenye kikombe, anaweka spiriti kiasi kilekile, anazungusha taratibu alafu anainamisha kikombe kwenye mwanga. Yakiteleza vizuri sawa. Yakiacha chengachenga ukutani mwa kikombe ndo yashaanza kuharibika, dumu zima linarudi, na mama wa watu aliyeshuka nalo toka milimani kwenye tope anabaki kashika mfuniko mkononi. Nimeyaona hayo asubuhi nyingi na mpaka leo sijayazoea.

Basi siku moja tukaenda kwenye kikao cha wadau, tukasimama sisi wa vituo tukasema kwa uchungu kabisa kwamba maziwa ya jioni yanapotea, tunaomba suala la matanki liingie kwenye mapendekezo. Tukaulizwa kwa heshima tu: lita ngapi, kituo gani, mwezi gani? Kimya. Daftari letu lilikua linaandika yaliyopokelewa, yaliyorudishwa hakuna aliyekua anayaandika, yaani kwenye karatasi hasara yetu haikuepo kabisa. Mtu wa kiwanda aliyefuata alikua na jedwali la mwaka mzima na hoja zake zikaingia zote. Sikumlaumu. Nilirudi kwenye basi nawaza wale kina mama.

Kesho yake tukachora safu mpya: tarehe, jina la mfugaji, lita zilizokataliwa, sababu (spiriti, maji, harufu), asubuhi au jioni. Wapokeaji walinuna kidogo mwanzoni alafu wakazoea. Kikao kilichofuata tulienda na daftari lenyewe, tukasoma masika na kiangazi kituo kwa kituo, na safari hii mwandishi wa kikao alituomba tumtajie tena namba aandike vizuri.

Mengine kwa haraka. Msichanganye ofisi, bodi ni ya tasnia ya maziwa, ubora na usalama wa chakula ni TBS, shirika la viwango (toka 2019 kazi ya chakula iliyokua TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, ilihamia huko), na halmashauri nayo ina yake, kwaiyo kabla hujalipa chochote uliza hii ni ya nani na inalipia nini. Jisajilini hata mkiwa wadogo, maana asiyesajiliwa hahesabiwi na asiyehesabiwa hamna sera inayomkumbuka. Wiki ya maziwa, ile inayoishia tarehe 1 Juni, msiende kwa ajili ya tisheti, watu wa wizara na wa bodi mnaowatafuta mwaka mzima mtawakuta pale wamesimama wanaongea na yeyote. Na msiende mmojammoja. Tanga tuna bahati ya ushirika wa wafugaji uliokomaa, hoja ikibebwa na ushirika inasikika tofauti na ya mtu na kituo chake.

Rasimu ya kanuni ikiletwa kwa maoni usiandike "tunaonewa". Andika kifungu namba fulani, maneno haya yatoke yaingie haya, chini yake weka lita zako za miezi kumi na mbili. Mpe katibu wa ushirika kabla tarehe haijapita, na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.