Kabla mashine haijamnusa abiria, imeshakunusa wewe

Juzi zamu ya asubuhi nilisimama nyuma ya kijana mmoja mpya, wiki yake ya pili kwenye geti la ukaguzi wa abiria, kiwanjani kwa ndege. Amevaa glavu, vizuri. Amefanya jaribio la asubuhi kwa ile kalamu ya kujaribia mashine inayonusa chembe za vilipuzi, mashine imelia inavyotakiwa, ameandika daftarini saa na jina lake. Vizuri tena. Kisha, na glavu zilezile, akatoa simu mfukoni, akasoma meseji, akacheka peke yake, akairudisha simu, akavuta pakiti ya swabu, vile vitambaa vya kupangusia mikono ya abiria kabla ya kuviingiza mashinani, na kumwita abiria wa kwanza: "Karibu mzee, nyoosha mikono."

Tumbo lilinikata. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, na kosa lile nalijua kwa sura, maana niliwahi kulala nalo. Ndiyo sababu nawaandikia haya ninyi wakaguzi wapya. Darasani mnaonyeshwa slaidi, mnafaulu mtihani, mnapiga picha na cheti, halafu mnafika getini na makosa yaleyale tuliyofanya sisi, kana kwamba tuliwaachia urithi.

1. Geti linajua chuma tu.

Najua mnalijua hilo. Lakini nawaona pia: abiria akipita bila geti kulia, mabega yenu yanashuka kama mtu aliyemaliza kulipa ada. Siku ya Krismasi mwaka 2009, Umar Farouk Abdulmutallab alipanda ndege Amsterdam kwenda Detroit akiwa na kilipuzi kiitwacho PETN ndani ya chupi. PETN ni unga, geti lingelia kwa lipi? Miaka minane kabla yake, Desemba 2001, Richard Reid alikuwa ameficha vitu vyake kwenye viatu, safari ya Paris kwenda Miami. Abiria akikulalamikia kuvua viatu, jua ni deni aliloacha huyo. Wote wawili walidhibitiwa na watu waliokuwa ndani ya ndege, juu hewani, baada ya sisi wa getini kuwa tumeshamaliza kazi yetu na kusema safari njema.

Na mkimaliza na trei, msizirundike kwenye kitoroli cha chuma pembeni ya geti, halafu mniite mseme geti linalia lenyewe.

2. Mashine ya chembe ina pua kali na haina akili.

Swabu ikiingia, inapashwa moto, kilichokuwa juu yake kinageuka mvuke, mvuke unapewa chaji, na chembe zinakimbizwa ndani ya bomba. Nyepesi hufika mapema, nzito hufika nyuma, na tofauti yao ni milisekunde. Mashine inatazama nani kafika saa ngapi, inalinganisha na orodha yake, basi. Haijui aliyeleta chembe hizo ni nani wala alizipata wapi. Inachopima ni nanogramu, yaani gramu moja ukiigawa mara bilioni. Mtu aliyeshika kilipuzi akigusa kitasa, alama ya dole lake pale ina mzigo mkubwa kuliko huo. Atakayeshika kitasa baada yake anaondoka na fungu lake. Wahenga waliposema samaki mmoja akioza wote wameoza, nadhani waliwahi kufanya kazi kaunta yetu.

Kwa hiyo mtakutana na alamu za namna tatu, ingawa kwenye slaidi mliambiwa ni mbili. Kuna ya kweli, ambayo naomba msiione. Kuna ya uongo: losheni yenye glisarini, kwa mfano, inaweza kuichanganya mashine. Na kuna ile inayowachanganya ninyi: chembe ni za kweli, mtu hana kosa. Mkulima aliyemwaga mbolea ya CAN jana kabla ya safari ana amonia naitreti mikononi, nayo hutumika pia kwenye vilipuzi. Fundi baruti anayetoka mgodini Geita kwenda likizo anazo hadi kwenye mshono wa suruali. Mzee anayeweka kidonge cha naitrogliserini chini ya ulimi akibanwa na kifua, dawa yake na kilipuzi ni kitu kilekile. Hapo mashine imesema kweli. Fuata utaratibu wote bila kuruka hatua, lakini sauti yako ibaki ya kumkaribisha mgeni. Nimeona kijana akimwambia fundi wa mgodini "simama hapo hapo" kwa sauti ya sinema, na yule baba akajibu kwa upole kwamba kitambulisho chake cha kazi kiko mfuko wa shati, kimeandikwa anachofanya kwa herufi kubwa.

Kuna wakati wakubwa wa dunia walitaka mkono wa mtu uondoke kabisa kwenye kazi hii. Wamarekani mwaka 2004 walianza kujaribu vibanda vya kupita: abiria anaingia, anapulizwa hewa kutoka kila upande, na hewa inayopanda kutoka mwilini inanyonywa juu na kupimwa. Wazo lilikuwa zuri kwelikweli, kwa sababu mwili wa kila mtu una joto, joto linapandisha hewa, na hewa hiyo inabeba vipande vidogo vya ngozi na nyuzi za nguo muda wote, hata sasa unaposoma. Walinunua vibanda zaidi ya 200. Mwaka 2006 wakasitisha kuvisambaza, vikiwa vimefungwa karibu nusu tu, baadaye wakaviondoa. Vumbi na unyevunyevu wa viwanjani vilikuwa vinaviharibu. Mkufunzi wetu alipofika hapo kwenye hadithi alinyamaza, akatazama dirishani. Nje upepo ulikuwa unapeleka vumbi jekundu toka mwanzo wa barabara ya ndege hadi mwisho wake. "Marekani hiyo," akasema, akaendelea na slaidi.

Basi tumebaki na swabu, na mkono, na glavu.

3. Glavu.

Ilikuwa kiwanja kidogo cha mkoani. Mashine moja, foleni moja, ndege moja ya asubuhi kwenda Dar. Nilikuwa na miezi minne kazini na ari ya mtu ambaye hajaanza kudai malimbikizo. Nikafanya jaribio la asubuhi. Kwa mliosahau, kalamu ile imewekwa kitu ambacho mashine inakitambua kama kilipuzi, ndiyo maana inalia. Nikaishika kama peni ya kuandikia, nikachora mstari kwenye swabu, mashine ikalia, nikaandika daftarini. Kisha, na glavu hizohizo, nikafungua pakiti mpya ya swabu na kuzichanua kwa vidole ziachane, kama mcheza karata anayetaka watu wamwone.

Abiria wa kwanza aliyeangukiwa na kipimo alikuwa bibi. Umri wa kuzidi sabini, kanga mbili juu ya gauni, kandambili, fimbo. Mwanawe alikuwa nyuma yake ameshika bahasha ya kaki imejaa karatasi za hospitali. Walikuwa na rufaa ya India. Dar mchana, usiku wapande ndege nyingine.

Nikapitisha swabu viganjani mwake. Mashine ikawa nyekundu.

Moyo ulinienda mbio, na sitawaficha, ulienda mbio kwa furaha. Nikarudia: swabu nyingine kutoka pakiti ileile, glavu zilezile. Nyekundu tena. Mara mbili! Nilishajiona Mei Mosi napewa mkono na mgeni rasmi, mfanyakazi bora. Nikamwita askari wa kike, bibi akapelekwa chumbani. Kanga zikakunjuliwa moja moja. Fimbo ikapitishwa eksrei mara tatu. Kikopo cha samli kikafunguliwa na kuchokonolewa. Begi lake lililokuwa limeshapakiwa likateremshwa, na kulitafuta kukachukua dakika ambazo rubani hakuwa nazo.

Bibi aliniuliza mlangoni, taratibu, kama mtu anayetaka kusaidia: "Mjukuu wangu, kwani nimebeba nini?"

Nikamjibu: "Bibi, mashine haidanganyi."

Sentensi hiyo nimeisikia kichwani mara nyingi kuliko wimbo wowote. Nilikuwa nimesimama na kifua mbele, na glavu zangu mkononi.

Ndege ikaondoka. Mama msimamizi wa zamu akafika akitokea upande wa mizigo, mama mfupi, hapandishi sauti. Akasoma karatasi ya mashine, akanitazama mikono, akauliza kama baada ya jaribio nilibadilisha glavu. Nikasema ndiyo. Uongo huo ulitoka wenyewe, kabla sijaufikiria, na ndio unaoniuma kuliko kosa lenyewe, kwa sababu kama ningesema hapana wakati ule, bibi angetoka kile chumba robo saa mapema.

Mama hakunibishia. Alivaa glavu mpya, akachomoa swabu moja kutoka pakiti yangu kwa kibanio, hakuigusisha kitu chochote, hakumgusa mtu, akaiingiza mashinani. Tukasubiri.

Nyekundu.

"Swabu hii haijamjua hata bibi yuko chumba gani," akasema. "Sasa gaidi ni nani hapa?"

Hakuna aliyecheka. Tukafungua pakiti nyingine, tukaanza kuisafisha mashine, na wenyewe mnajua ikishachafuka inavyochukua muda wake kujichoma hadi skrini itulie. Bibi akapimwa upya na mama mwenyewe. Safi kama maji.

Walilala mjini kwa ndugu, wakaondoka kesho yake. Tiketi ya usiku ule ya India ilibidi ibadilishwe, na mwanawe ndiye aliyelipa. Sikuwahi kujua ni kiasi gani; niliogopa kuuliza. Nilimfuata bibi kwenye mgahawa wa nje kumwomba radhi, nikamkuta anakunywa chai ya rangi. Akaniambia nikae. "Kuku tu simchinji mimi," akasema, "nawaita watoto wa jirani." Akanisogezea maandazi. Mwanawe hakunitazama hata mara moja, na alikuwa na haki yake.

Barua ya kujieleza niliandika kurasa tatu. Nilieleza unyevunyevu wa msimu, umri wa mashine, ubora wa swabu za shehena ile, uchache wa watumishi. Mama msimamizi aliirudisha na neno moja la wino mwekundu juu ya ukurasa wa kwanza: "Glavu?" Nikaandika upya, mistari miwili.

4. Baada ya jaribio: glavu kwenye pipa, mikono sinki, glavu mpya, halafu swabu tupu isiyogusa kitu kabla ya abiria wa kwanza. Dakika mbili.

5. Kiti cha magurudumu: ukipaka swabu vishikio vya nyuma, umempima anayesukuma, na huyo kashika vishikio vya nusu ya abiria wa leo.

6. Mwenye kifaa cha moyo kifuani hapiti getini wala hafuatwi na kile kigunduzi cha chuma cha mkono. Anapekuliwa kwa mikono, faragha, na mtu wa jinsia yake.

7. Mwenzako naye ni abiria.

Hili ni gumu kuliko yote kwa sababu lina undugu ndani yake. Yule wa mizigo mnakula naye mihogo ya saa nne. Dada wa duka la ndani alikuchangia msiba. Anapita na kikoba, anasema "mimi tena?", na wewe unaona aibu. Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo ilitoka Mogadishu, na muda mfupi baadaye bomu lililofichwa kwenye kompyuta mpakato likatoboa ubavu wake. Rubani aliirudisha chini, aliyekufa ni mwenye bomu peke yake. Kamera za kiwanja zilionyesha kompyuta ile ikikabidhiwa kwake ndani, baada ya ukaguzi, na watu waliokuwa wanafanya kazi palepale. Basi mwenzako akikuuliza "mimi tena?", mwambie "wewe tena, ndugu yangu, nyoosha mikono", umwulize na habari za watoto wakati swabu inapikwa. Mimi mwenyewe nikipita nataka nipimwe. Wiki iliyopita mmoja wenu aliniachia nipite kwa sababu mimi ni "bosi". Nilirudi nyuma nikapanga foleni upya, na sasa ananikwepa kantini.

Sasa yule kijana wa juzi. Mzee alikuwa ameshanyoosha mikono. Nikamwomba mzee atuvumilie dakika moja, nikampa kijana swabu kutoka pakiti ambayo hajaigusa, nikamwambia aipitishe juu ya simu yake mwenyewe, ile aliyokuwa anaichekea. Akaipitisha mbele na nyuma, kwa bidii, kama anayeisafisha. Akaiingiza mashinani.

Mashine ikalia hadi watu wa foleni wakageuka. Kijana akaitazama skrini, akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Kaka," akasema, "hii mashine ni mbovu."