Usinunue kwa unene: nilivyojifunza kuchagua mikusanyo ya katuni za zamani za mashujaa

Kitabu kilichonifundisha kununua vitabu vingine nilikipata Mlango Mmoja, soko la mitumba Mwanza, kwa buku tatu, yaani shilingi elfu tatu. Kilikuwa kimebanwa katikati ya vitabu vya hesabu vilivyoingia na mitumba, jalada la nyuma halipo. Muuzaji aliniambia, "Chukua tu, braza, hiyo ya watoto, halafu haina hata rangi."

Kweli haikuwa na rangi. Ilikuwa juzuu ya kwanza ya Essential Spider-Man: karatasi kama ya gazeti, kurasa kama 500, nyeusi na nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Ndani mna hadithi ya Agosti 1962 iliyomzaa Spider-Man na matoleo 20 ya mwanzo ya jarida lake mwenyewe. Nilikisoma kwenye daladala za Igoma, nikakisoma nikisubiri foleni ya benki, nikakisoma juu ya mawe nyuma ya nyumba mpaka giza likanifukuza. Sisi tuliokulia na jarida la katuni la Sani, tukigombania kurasa za Madenge na Lodi Lofa, kukosa rangi hakutushtui.

Baadaye mfuko ukatuna kidogo, tamaa ikaniingia. Nikaagiza toleo kubwa la Omnibus la Spider-Man huyohuyo: jalada gumu, rangi tupu, kurasa zaidi ya 1000. Wakala wa mizigo anatoza kwa kilo, na dude lile lilikaribia kilo tatu. Likatoka Dar kwa basi, likafika kona moja imepondeka. Ukilala nalo linakubana kifua. Kwenye daladala huliwezi. Masika ilipoingia, kurasa zikaanza kujikunja na mgongoni pakaota kuvu. Mpaka leo nimelisoma mara moja tu, tena kwa kujilazimisha kwa sababu ya hela niliyotoa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na kipi, simuulizi ana shilingi ngapi. Namuuliza anamtaka nani, na hapo simaanishi shujaa, namaanisha mchoraji. Shujaa hachori. Spider-Man wa mwanzo ni kazi ya mchoraji Steve Ditko akiwa na mwandishi Stan Lee, na Ditko aliishia toleo la 38, mwaka 1966. Toleo la 39 lilichorwa na John Romita, na mkono unabadilika mara moja: nyuso zinapendeza, ile hali ya mvulana mwenye wasiwasi inapungua. Wapo wanaompenda Romita zaidi, sigombani nao. Ila usinunue mkusanyo unaoanza na mmoja na kuishia na mwingine kwa kudhani ni kitu kilekile. Kabla ya kutoa hela soma orodha ya matoleo yaliyomo. Huwa kwenye maelezo ya muuzaji, au kurasa za mwanzo za kitabu.

Kwa Ditko, mimi ningechukua juzuu mbili za kwanza za Epic Collection, mfululizo mwingine wa mikusanyo. Ni za jalada laini, zina rangi. Moja inafika toleo la 17, ya pili inaanzia 18 na kufunga na 38. Vitabu viwili vinavyoingia kwenye begi, karibu kazi yake yote ya Spider-Man imo. Mfululizo huu ulianza 2013 na una mtego wake: namba ya mgongoni inafuata mpangilio wa hadithi, siyo mpangilio wa kuchapishwa. Juzuu ya 10 inaweza kutoka kabla ya 3, kwa hiyo usikae ukisubiri ya tatu huku ya kumi ikiisha sokoni. Ikishaisha, bei yake kwa wenye mitumba ya mtandaoni inapanda kama nauli ya Krismasi.

Upande wa DC, wachapishaji washindani wa Marvel wanaomtoa Spider-Man, wenzao na Essential walikuwa Showcase Presents, walioanza 2005, nao bila rangi. Mifululizo yote miwili imesimama, kwa hiyo utaipata kama nilivyoipata mimi: imetumika. Kwa rangi, wana DC Finest tangu 2024, mwendo unaofanana na Epic.

Na kuhusu rangi, hapa wengi wanadanganyika. Zile katuni zilitengenezwa zichapwe kwenye karatasi dhaifu inayonyonya wino. Ukizihamishia kwenye karatasi nyeupe inayong'aa, rangi ileile inachoma macho: nyekundu inakuwa ya kanga mpya, njano ya ndala. Ndiyo maana kwa Ditko na Jack Kirby sioni aibu kupendekeza nyeusi na nyeupe. Unaona kalamu yenyewe ilivyopita. Kirby na Lee walitoa matoleo 102 ya jarida la Fantastic Four mfululizo kuanzia 1961 mpaka 1970, na mashine zile kubwa alizochora Kirby zinasomeka vizuri zaidi bila rangi kuziziba.

Wengi huniulizia Black Panther. Alitokea mara ya kwanza kwenye Fantastic Four namba 52, Julai 1966, lakini hadithi yake ya kweli ni ile ndefu ya mwandishi Don McGregor iliyoanza 1973 kwenye jarida la Jungle Action, ambako Wakanda, nchi yake ya kubuni, ina wakulima, wivu na ndoa zenye matatizo. Epic ya kwanza ya Black Panther inavyo vyote viwili. Anza hapo.

Miaka ya 1940 nenda nayo polepole. Ina thamani ya historia, lakini hadithi zinajirudia, na watu weusi wamechorwa midomo mikubwa na macho ya kutumbuka kwa dhihaka. Mimi nilifungua kimoja mbele ya mpwa wangu wa miaka tisa, akaniuliza, "Mjomba, huyu ni mtu au nyani?" Nilikifunga. Kwake nilichukua Mighty Marvel Masterworks, vile vidogo vilivyoanza 2021, matoleo kama kumi kila kimoja. Macho yangu yanalalamikia herufi zake, yake hayana habari.

Kutunza: rafu isiguse ukuta wa nje, hasa kama nyumba yenu imeegemea mwamba kama yetu. Usiweke chini, mchwa hawachagui mchoraji. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vya kwenye maboksi ya viatu mimi navikusanya kwa majirani, navisukumia nyuma ya vitabu.

Omnibus nimeliuza, kwa hasara. Lile la buku tatu liko Sengerema kwa shemeji, na mgongo wake umeshikiliwa na gundi ya fundi viatu. Nimeambiwa nitarudishiwa baada ya Pasaka. Hawakusema Pasaka ipi.