Utafiti, uchunguzi au uhakiki: kazi ya msomi iitweje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili katika uhandisi wa maji hapa Arusha. Kwenye ikisiri ya tasnifu yangu niliandika hivi: "Utafiti nyingi zimefanyika kuhusu floraidi, na utafiti huu umetengeneza chujio la bei nafuu." Msimamizi wangu amelikata neno "utafiti" mara zote mbili na kuandika "uchunguzi". Anasema utafiti ni wa wanasayansi wa maabara. Mhandisi anatengeneza vitu. Rafiki yangu wa historia naye kaambiwa kwamba kusoma nyaraka za zamani si utafiti, ni kusoma tu. Nani yuko sahihi? Na tuseme utafiti nyingi, utafiti mwingi au tafiti nyingi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lirudishe neno lako mahali pake. Kazi yako ni utafiti, na ya rafiki yako ni utafiti vilevile. Ulipoteleza ni kwenye upatanisho wa kisarufi tu, na hapo nitafika.

Tuanze na uchunguzi. Shina lake ni chungua, ndugu wa chungulia, lile jambo analofanya mtoto kwenye tundu la ufunguo. Ni kukikazia macho kitu kilicho mbele yako mpaka undani wake ujulikane. Daktari anamchunguza mgonjwa. Mkemia Mkuu wa Serikali anachunguza sampuli iliyoletwa na polisi. Ajali ikitokea, inaundwa tume ya uchunguzi. Kote huko kuna jambo moja linalojulikana, na kinachotakiwa ni ukweli wa jambo hilohilo.

Mimi huwapa wanafunzi wangu kipimo hiki: jibu likishapatikana, linakwenda wapi? Ukipima maji ya kisima cha mzee mmoja kule Meru ili umwambie kama yanafaa kunywewa, jibu linarudi kwa mzee yule, na umefanya uchunguzi. Ukipima visima vya wilaya nzima ili ujue kwa nini kimoja kina floraidi nyingi, yale madini yanayoharibu meno yakizidi, na cha jirani kina kidogo, jibu lako litamfaa hata mtu wa mbali asiyemjua mzee wala kisima chake. Hapo umetafiti. Ndani ya utafiti mmoja mnaweza kuwa na chunguzi ndogondogo mia, lakini chunguzi mia zisizofungamanishwa na swali moja hazijawa utafiti.

Simlaumu sana msimamizi wako, kwa sababu mpaka huu haukuwa wazi siku zote. Taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 iliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ile TUKI tuliyoizoea. Wazee wale walitafiti lugha hasa, wakakusanya maneno na kuyapima matumizi yake, na bado kazi yao ikaitwa uchunguzi. Jina hilo lilikoma mwaka 2009 ilipoundwa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Huku kwingine neno utafiti lilikuwa limeshika mizizi: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Leo ukimwambia Mswahili kwamba unafanya uchunguzi wa Kiswahili, atadhani kuna mtu kaiba maneno. Matumizi yamekwisha amua, na mwandishi wa leo ayafuate.

Anayesema utafiti ni mali ya maabara peke yake ningemkalisha na mfano mmoja. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha kazi iliyohusu vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani yetu, ikiwemo Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika kwa zaidi ya nusu, hasa kwa upande wa mama, na kwamba sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000.

Sasa angalia mikono iliyoshika kazi hiyo. Mwanaakiolojia alifukua kaburi, akapima kina chake, akaandika kila kipande cha kigae kilipolala. Mtaalamu wa vinasaba alisaga chembe ya mfupa au jino, akasoma kilichomo. Lakini vinasaba havisemi "Shirazi". Neno hilo, la watu wanaodaiwa kutoka Shiraz kule Uajemi, limo katika masimulizi ya kale ya Kilwa, na bila ya wanahistoria waliokwisha kuyasoma, kuyalinganisha na kuyatilia shaka kwa miaka mingi, matokeo ya maabara yangebaki tarakimu zisizo na kauli. Utamwambia nani kati ya hao kwamba yeye hakutafiti? Mwambie rafiki yako asikubali. Kukaa na waraka uliochakaa, kujiuliza nani aliuandika, kwa faida ya nani, na kwa nini unapishana na waraka mwingine wa mwaka uleule, si "kusoma tu". Kauli hiyo inaniudhi kila ninapoisikia, maana inawafundisha vijana kudharau kazi ngumu.

Na mhandisi je? Mwaka 2015 Askwar Hilonga, wa taasisi ya Nelson Mandela hapohapo Arusha, alikuwa wa kwanza kupata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alishinda kwa chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembechembe ndogo mno zinazoteuliwa kulingana na uchafu wa mahali husika, floraidi ikiwemo. Chujio ni kitu cha kushika mkononi, ni kweli. Ila kujua chembe ipi inanasa nini ni maarifa ambayo hayakuokotwa njiani. Mwanasayansi anauliza "ikoje?", mhandisi anauliza "nifanyeje iwe?", na swali hili la pili nalo halijibiwi kwa kubahatisha. Kutengeneza kwenyewe tuite uundaji au usanifu. Safari nzima, tangu swali mpaka majaribio na matokeo, ni utafiti.

Ninachokushauri ni hiki: ukishaita kazi yako utafiti mara moja, usilirudie neno hilo katika kila sentensi kana kwamba lugha imekwisha. Sema ulichofanya hasa. Ulipima, ulifuatilia, ulijaribisha, ulilinganisha, ulichambua? Chambua lenyewe lina utamu wake: Zanzibar watu huchambua karafuu, wakizitenga na vikonyo vyake, na msomi naye hutenga hoja na vikonyo vyake namna hiyohiyo. Kwenye fasihi tunalo uhakiki, neno zuri sana, ingawa lina pacha wa ofisini, yaani uhakiki wa vyeti. Kwa karatasi ya maswali, Tanzania wengi husema dodoso na vitabu vingi vya chuo husema hojaji. Chagua moja, ubaki nalo mpaka ukurasa wa mwisho.

Turudi kwenye sarufi. "Utafiti nyingi zimefanyika" ni kosa, kwa kuwa nomino imebaki katika umoja ilhali kivumishi na kitenzi vimekimbilia wingi. Utafiti hufuata njia ya utenzi: utenzi huu, tenzi hizi, utafiti huu, tafiti hizi. Wapo walimu wanaokataa "tafiti" kwa hoja kwamba utafiti ni dhana, na dhana haihesabiki kama uzuri au utu. Hoja yao ni nusu ya ukweli. Ukizungumzia shughuli yenyewe kwa jumla, baki na umoja: "Utafiti unahitaji subira." "Utafiti mwingi" nao unafaa, maadamu unataja wingi wa shughuli bila kuihesabu. Ukizungumzia kazi zinazohesabika, kila moja ina mwanzo na mwisho wake, basi ni tafiti, na tafiti tatu si kosa. Kwa njia hiyohiyo watu wameanza kusema "bunifu" kwa wingi wa ubunifu. Sikio langu bado linasita hapo, lakini kanuni inaliruhusu.

Jambo dogo la mwisho kwenye sentensi yako: uliandika kwamba utafiti "umetengeneza" chujio. Utafiti hauna mikono. Aliyetengeneza ni wewe, na Kiswahili hakioni aibu kumtaja mtenda. Ningeiandika hivi:

"Tafiti nyingi zimefanyika kuhusu floraidi katika maji ya kunywa. Katika utafiti huu nimeunda chujio la bei nafuu na kupima uwezo wake wa kuipunguza."

Mpelekee msimamizi wako sentensi hizo kwa heshima, pamoja na kile kipimo cha kisima cha mzee wa Meru.